Abaayo Dekha, Kompyuta Zimehamia Madrasani

Abaayo Dekha,

Amani ikufikie hapo ulipo, dada yangu. Leo ni Ijumaa, kituo kimefungwa, na Bulla Gob yote imejilaza baada ya chakula. Nimetandika mkeka nyuma ya madrasa, kwenye kivuli cha ukuta, nikuandikie. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuongea. Kisomali changu bado kinawachekesha watu. Juzi niliomba maji kwa Halima, muuza maziwa, wanawake wote wakaangua kicheko, na mpaka sasa hakuna aliyekubali kuniambia niliomba nini hasa.

Nina jambo la kukueleza, nalo nimelizungukia tangu mvua za vuli. Kompyuta hazipo tena kwenye chumba chako. Ziko madrasani, kwa Sheikh Hassan. Mahali palepale ulipokataa.

Usinikasirikie kabla sijamaliza. Najua unavyokasirika: unanyamaza, unakaza shungi, unaanza kusugua sufuria ambayo tayari ni safi. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka nilivyofika? Nilikuja na pickup iliyojaa maboksi, na shirika lililonituma lilikuwa limeniambia kuna jengo linalonisubiri. Jengo lenyewe lilikuwa kuta bila paa, na ndani yake mbuzi wamelala. Dereva alikuwa anaangalia mawingu upande wa Sangailu, anataka kushusha mizigo na kugeuza gari kabla barabara haijalowa. Mimi nimesimama katikati ya maboksi, mgeni, sijui hata nimsalimie nani. Ukatoka kwenye hoteli yako ya chai, umevaa dera la buluu, mikono imejaa unga, ukayatazama maboksi, ukanitazama mimi, ukasema, "Hii vitu itanyeshewa. Lete ndani." Basi. Hukuuliza ni vitu gani. Uliwaita vijana wakahamisha magunia yako ya sukari na mchele kutoka chumba cha mabati kilicho ubavuni mwa hoteli, na maboksi yangu yakaingia. Mvua ikapiga muda si muda.

Jioni ile ndipo ulipouliza. Nikakueleza kwamba ni kompyuta, na kwamba nimetumwa kufundisha vijana na kuwasaidia watu kufanya huku nyumbani yale yanayowapeleka Garissa kila mara: cheti cha kuzaliwa, maombi ya chuo, matokeo ya mtihani. Nikakueleza pia kwa nini niliipenda kazi hiyo. Mimi nimezaliwa kisiwani, upande wa Lamu, na kwetu mtoto akimaliza shule huvuka maji kwenda mjini kutafuta mtu wa kumjazia fomu ya chuo. Bahari ikichafuka, tarehe inampita. Kaka yangu ilimpita hivyo. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukanimiminia chai ya pili. "Hata hapa ni kisiwa," ukasema. "Ngoja mvua iendelee, utaona."

Nikaona. Udongo ule mweusi ulikunywa maji mpaka ukashiba, kisha maji yakakaa juu. Huku maji, kule maji. Malori yalizama njiani, pikipiki zikaegeshwa, na hakuna aliyeingia wala kutoka. Nililala nyumbani kwako msimu ule wote, kitanda kimoja na binti yako Ifrah. Ifrah alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa anakaa tu, anakusaidia hotelini, anangoja asichokijua.

Yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, lakini wewe ndiye uliyenichosha zaidi. Nilipokupa kipanya ukishike, ulikigeuza juu chini, ukasema, "Hii banya gani haikimbii?" Panya kwako alikuwa "banya", kompyuta ikawa "kombyuta" tangu siku ile, na mimi sikukusahihisha hata mara moja. Neno lilikukaa vizuri. Uliacha shule ukiwa darasa la sita, mwaka ambao ng'ombe wa baba yenu walikufa, na ulikuwa unazitafuta herufi kwenye kibodi kama mtu anayetafuta mbuzi wake kwenye kundi la jirani. Ulipofanikiwa kuandika jina lako lote, ulikaa ukilitazama. Kisha ukamwita Ifrah aje alisome kwa sauti. Akalisoma. Ukamwambia alisome tena.

Baada ya hapo uliwaleta wanawake waliokuuzia maziwa. Walikuja wakiwa na madumu yao, wakayapanga nje ya mlango, wakaingia na viatu mkononi kama wanaingia msikitini. Nawaona mpaka leo: Halima anasoma bei za ng'ombe za soko la Garissa na kuwapigia wanaume kelele kupitia dirishani kwamba dalali amewadanganya, wasichana wanacheka, vijana wamesimama upande wa pili wa meza wanangoja zamu yao, wewe unaingia na birika huku nikikuomba usimwage chai juu ya meza. Nimefundisha mahali pengi, abaayo. Sijapata chumba kingine kama kile.

Wapo waliokuwa na wasiwasi, na haki yao. Wazee walisikia kwamba kwenye mashine zile kuna picha mbaya, na kwamba binti zao wanakaa chumba kimoja na vijana wa kiume. Mzee Bare alimkataza binti yake Maryan hata kupita mbele ya hoteli yako. Ndipo Sheikh Hassan alipokuja, akakaa kwenye benchi la nje, akanywa chai yako, akasema kwa upole kwamba madrasa ina chumba cha mawe kisichotumika, kina mlango wa chuma na paa lisilovuja. Tuhamie pale. Siku za wasichana ziwe mbali na siku za wavulana, mke wake akae na wasichana, na wazee watanyamaza. Mimi moyoni niliona ni neema, maana mabati yako yalikuwa yanachemsha zile mashine mpaka zinajizima zenyewe. Nikakutazama wewe ujibu.

Ulimshukuru. Ulimwita adeer, baba mdogo, kwa heshima zote. Kisha ukakataa. Alipoondoka nilikuuliza kwa nini, ukanijibu maneno ambayo nimekaa nayo tangu hapo: "Kule mwanamke ataomba ruhusa kuingia. Hapa haombi mtu. Anaingia tu, kama anakuja kununua sukari."

Tukabaki kwenye mabati.

Sasa nifike penye ugumu.

Ukame ulipokuja, ulitoa maji yako mwenyewe kuwanywesha ng'ombe wa kaka yako Abdullahi, na wakafa hata hivyo, mmoja mmoja, kando ya njia. Wewe ulikuwa umekonda na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu alikuwa amekonda. Ugonjwa wa sukari ulikuwa unakula mwili wako na wewe ukasema ni jua. Kidonda cha mguuni ulikifunga kitambaa, ukavaa soksi, ukaendelea kukanda unga. Ifrah ndiye aliyekiona, ulipokuwa unatawadha. Na mvua tulizoziomba kwa machozi zikaja wiki ileile, zote kwa pamoja.

Nilipiga simu kila mahali. Gari la wagonjwa lilijaribu kuja, likakwama kabla ya nusu ya njia. Abdullahi akaenda kwa miguu ndani ya maji mpaka kwa mwenye trekta, akarudi nalo. Tulikulaza kwenye tela, juu ya godoro la Ifrah, tukakufunika turubai. Abdullahi alikuwa anatembea mbele kwenye maji, fimbo mkononi, anapima kina, anamwonyesha dereva pa kupita. Safari nzima alitembea hivyo. Nakuandikia hili makusudi, kwa sababu nitakayokueleza juu yake baadaye yasikufanye umsahau mtu yule aliyekuwa mbele ya trekta.

Mimi ulinishika mkono. Joto la mwili wako lilikuwa linapita hadi kwenye mifupa yangu. Ulikuwa unasema mambo yasiyopangika, mara Kisomali, mara Kiswahili. Ukaniuliza nimefunga dirisha, maana maji yataingia kwenye mashine. Nikasema nimefunga. Kisha ukasema, "Ifrah asikae tu, abaayo." Sikukusikia ukisema neno jingine linaloeleweka.

Tulifika hospitali ungali hai. Madaktari walifanya waliloweza, na alfajiri ya siku iliyofuata ukatangulia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Sikuwahi kumwosha mtu. Shangazi yako mmoja wa Garissa alinielekeza, taratibu, kulia kwanza, kisha kushoto. Hina ilikuwa bado kwenye kucha zako. Nilikuwa nadhani nitashindwa, lakini mikono ilifanya kazi yenyewe, kama nilivyozoea kukusaidia kuosha vyombo. Ulizikwa mchana uleule, Garissa, mbali na kwenu. Bulla Gob ilikuwa imezungukwa na maji, na watu wako walikusalia huku, bila wewe. Ifrah na mimi tuliketi uani kwa shangazi mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini, miguu yao ina udongo mwekundu.

Barabara ilipokauka, nikarudi. Nilidhani sitaweza kufungua mlango ule. Ifrah aliufungua. Alifagia, akafuta vumbi kwenye skrini kwa shungi lako, akakaa. Wanawake wakaja na madumu yao. Tulifundishana huku tunalia. Tukaendelea hivyo, na nikaanza kuamini kwamba itawezekana.

Kisha Abdullahi akaja. Alikuja mchana mweupe, peke yake, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, kiti kidogo kwake. Akaniambia kiwanja kile ni cha marehemu baba yenu, na sasa kiko mikononi mwake. Ng'ombe wameisha. Ana watoto wake, na sasa ana wa kwako pia. Anataka kufungua duka, na chumba anacho hiki tu. Hakunifokea. Hakunitazama usoni hata kidogo, alikuwa anaongea na sakafu. Akasema nichukue muda wangu kutafuta pengine.

Nilikasirika, Dekha. Nilimwambia maneno makali, kwamba jasho lako liko kwenye yale mabati, kwamba uliyanunua mwenyewe bati kwa bati. Akasema anajua. "Mabati ni yake," akasema, "lakini ardhi haikuwa yake. Hata mimi ningependa ingekuwa yake." Akainuka akaenda zake. Nilikwenda kwa chifu, nikaenda kwa wazee, wote wakanisikiliza vizuri na wote wakaniambia yaleyale. Hakuna mahali palipoandikwa jina lako. Mimi niliyekuja na mafunzo yote yale, sikuwahi kukuuliza nyumba tunayoijaza mitambo imesimama juu ya ardhi ya nani. Wewe nawe hukuwahi kufikiria. Kaka yako alikuwa kaka yako.

Shirika wakaniambia kama hakuna jengo, kompyuta zirudi mjini. Nikaanza kutafuta maboksi.

Ifrah alinikuta nikifunga kompyuta ya kwanza. Akauliza ninazipeleka wapi. Nikamweleza. Akauliza kwa nini siendi kwa Sheikh Hassan. Nikamwambia mama yake alikataa, na mimi sitafanya alilolikataa huku udongo wake haujakauka. Unamjua mtoto wako, sauti yake haipandi. Alitoa kompyuta kwenye boksi, akairudisha mezani, akachomeka waya. Ndipo akasema: "Mama alikataa kwa sababu alikuwa na chumba. Sasa hatuna. Unafikiri yeye angezirudisha Garissa?"

Nilikaa chini. Nilikutafuta kichwani nikuulize, na kila nilipokutafuta nilikuona na mikono yako ya unga, umesimama mbele ya maboksi yangu, unasema lete ndani.

Tukaenda kwa Sheikh, Ifrah na mimi na Halima. Hakutukumbusha kwamba alikwisha kutuambia. Alifungua chumba, akatuonyesha soketi, akaweka masharti yaleyale: siku mbalimbali, mkewe awepo, na kituo kifungwe wakati wa sala na wakati wa darasa la Kurani. Nikakubali. Halima alitaka kujua ni nani atakayeamua mwanamke gani aingie na gani asiingie. Sheikh akafikiri. Akasema ataamua mwalimu. Halima akauliza mwalimu ni nani, maana mimi mkataba wangu una mwisho. Kisha Sheikh akamgeukia Ifrah, akamuuliza kama anaweza. Ifrah akasema anaweza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na sasa nikupe yote mawili, tamu na chungu, kwa sababu hukupenda kupewa nusu ya habari.

Chungu ni hili: ile hali ya hotelini imekufa. Hakuna chai. Hakuna anayecheka kwa sauti, maana chumba cha pili ni cha kusomea Kurani. Wauza maziwa wawili watatu wameacha kuja, kwa kuwa saa walizozoea sasa ni za darasa. Wengine wanasimama mlangoni wakimngoja mke wa Sheikh awatazame kwanza, na kila nikiwaona wamesimama pale nasikia sauti yako. Ulisema kweli. Wanaomba ruhusa. Hawaiombi kwa maneno, lakini wanaiomba.

Tamu ni hili: Mzee Bare alimleta Maryan mwenyewe. Alimshika mkono mpaka mlangoni, akamkabidhi kwa mke wa Sheikh, akaondoka bila kugeuka nyuma. Na baada ya Maryan wakaja wengine, kutoka nyumba ambazo wewe ulizibishia hodi mwaka mzima na hawakukufungulia. Kwenye mabati tulikuwa tunawahesabu wasichana waliothubutu. Hapa wanakuja hata waoga.

Masika yaliyopita maji yakatuzunguka tena kama kawaida, barabara ikafa, na mvua ikatukuta wakati vijana wanatakiwa kuchagua vyuo. Zamani mwaka kama huo ulikuwa umepotea. Safari hii walikuja wakipita majini, suruali zimekunjwa, mabuibui yamefungwa kiunoni, kutoka vijiji ambavyo hata sikuvijua. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda. Ifrah aliwapanga. Wengine walikula kwa Sheikh, wengine kwa Halima. Na siku moja nikamwona Abdullahi mlangoni, gunia begani. Alileta mchele wa dukani kwake. Aliliweka chini, akamwambia Ifrah wapikiwe waliotoka mbali, na akasimama kidogo akimtazama mtoto wako anavyofanya kazi. Nikamsalimia. Akaitikia. Tangu siku hiyo tunasalimiana.

Maryan amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba yake amekuwa akiuliza kila mtu Garissa iko baridi kiasi gani, kana kwamba hakuwahi kufika Garissa.

Na Ifrah hakai tu, abaayo. Amepata nafasi ya chuo cha ualimu, na atakwenda mwezi ujao. Wasichana wawili aliowafundisha wataangalia kituo siku za wasichana. Yeye atakaa kwa shangazi yako, yule aliyenielekeza kukuosha. Ana usingizi mzito bado, na bado anakataa kula asubuhi, lakini anaongea na Sheikh bila kuinamisha kichwa. Mdogo wake Yusuf anasoma na watoto wa Abdullahi, na amerefuka. Anafanana nawe akikasirika.

Mkataba wangu umekwisha. Ninarudi kwetu. Shirika wamekubali nijaribu kisiwani, na wazee wa kule wameshanipa nyumba ya mtu mmoja mkarimu, bure, niitumie nitakavyo. Wanashangaa kwamba sijasema ndiyo. Nimewaambia sitashusha boksi hata moja gatini mpaka kiwanja kiandikwe kwa majina ya wanawake watakaokitumia, mbele ya mashahidi, na kila mmoja awe na karatasi yake. Wameniona nimekuja na kiburi kutoka bara. Mama yangu ameniuliza nimejifunza wapi ubishi huu. Nimemwambia ninaye rafiki.

Hilo ndilo ninalokuahidi. Itachukua muda mrefu, na pengine watanichoka, lakini patakuwa na chumba ambacho mwanamke anaingia tu, na kaka yake akifika na shida zake za kweli, atakuta ardhi si yake. Na Ifrah akiwa likizo atakuja kunisaidia kukifungua. Tumeshakubaliana.

Kwaheri, Dekha. Mungu akupanulie kaburi, akusamehe, akulaze mahali pema. Kama bado umenikasirikia kwa habari ya madrasa, basi ningoje. Siku tukikutana, inshallah, tukae chini tubishane mpaka mmoja wetu ashindwe, na safari hii sitakunyamazia.

Mwanaidi wako